Kutoka maganda ya maembe hadi asidi ya sitriki: shajara ya mradi, Malindi

Novemba, wiki ya mwisho

Msimu umefunguka. Magari ya Magarini na Marafa yanashusha maembe sokoni tangu alfajiri, ngowe na boribo, na wauza juisi wa mjini wanatupa maganda kwa ndoo. Hayo maganda ndiyo malighafi yetu. Tunataka kuyachachua kwa ukungu mweusi, Aspergillus niger, tupate asidi ya sitriki, ile inayoifanya ndimu iwe kali, kisha tuone kama kuna mtu wa hapa hapa Malindi mwenye haja nayo. Tuko watu watatu: mimi, shemeji yangu ambaye ni fundi bomba, na binamu anayefundisha kemia shule ya upili. Vyombo vya kupimia ni vya binamu, kwa hiyo yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu namba.

Kila anayesikia habari hii huuliza swali lile lile: si mkamue ndimu tu? Swali lina haki yake, maana zamani ndivyo ilivyokuwa. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliitoa asidi hii kwenye maji ya limau mwaka 1784, na kwa zaidi ya karne moja biashara yake ilitegemea malimau, ya Italia hasa. Lakini lita nzima ya maji ya limau ina gramu 50 hivi za asidi, na limau ni tunda la kununua. Mwaka 1893 Mjerumani Carl Wehmer aliona ukungu unaoigeuza sukari kuwa asidi hiyo hiyo. Mwaka 1917 James Currie wa Marekani akaonyesha kwamba Aspergillus niger huifanya kazi hii vizuri sana ukiupa sukari nyingi na mchanganyiko ulio mkali tangu mwanzo, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuitengeneza hivyo. Sasa dunia hutoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka China, na karibu yote ni kazi ya ukungu. Ile pakiti ya unga mweupe unayonunua kwa ajili ya achari au keki haijawahi kuonana na ndimu.

Desemba, mwanzo

Ukungu tumeupata kutoka maabara ya chuo, umeoteshwa kwenye aga ya viazi, yaani jeli ya maabara ya kuoteshea vijidudu. Jirani alituletea kitunguu chenye masizi meusi chini ya ganda, akasema, "Si ndio huu huu? Mnauendea mbali wa nini?" Kweli, weusi wa kitunguu mara nyingi ni Aspergillus niger. Ila kuna aina za ukungu huu zinazotoa sumu iitwayo okratoksini, na kuna jamaa zake wanaofanana nao kwa macho. Katika ukoo huo huo yumo Aspergillus flavus, mwenye aflatoksini, iliyoua watu 125 Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi. Ukungu usiojulikana asili yake hauingii kwenye masinia yetu.

Kuna njia mbili za kufanya kazi hii. Ya viwanda vikubwa ni majimaji: tangi refu, sukari gramu 120 hadi 200 kwa lita, na hewa inayosukumwa mchana na usiku bila kukatika. Stima ya kwetu mnaijua. Tena kwenye majimaji ukungu huu una deko: madini ya manganizi kidogo tu, mikrogramu chache kwa lita, na asidi inashuka, kwa sababu ukungu unaacha kutengeneza asidi unaanza kujijengea mwili. Njia ya pili ni masinia: malighafi mbichimbichi isiyoelea maji, ukungu unaota juu na ndani yake, hewa inajipitia yenyewe. Huko ukungu hausumbuliwi sana na madini. Tumechagua masinia.

Desemba, katikati

Maandalizi, kwa wanaotaka kujaribu.

Maganda tunayaanika juu ya mkeka mpaka yavunjike mkononi, halafu tunayatwanga kwenye kinu. Mashine ya posho ingefanya haraka, lakini meno yake ya chuma yanaacha vumbi la chuma kwenye unga, na hata kwenye masinia hatuoni sababu ya kuongeza madini kwa makusudi. Unga wa maganda peke yake ukilowa unakuwa uji mzito, kwa sababu ya pektini, ile inayogandisha jemu, na hewa haipiti. Tunauchanganya na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Si yale ya kusokotea kamba, yaliyofukiwa ufukweni, maana yale yamejaa chumvi. Tunatumia makavu, tena tumeyaosha kwa maji ya mvua. Makumbi hayaliwi na ukungu. Kazi yake ni kuacha nafasi.

Maji ndiyo yanayotaka mkono uliozoea. Vitabu vinasema asilimia 65 hadi 70. Sisi tunafumbata: ukikaza ngumi, tone moja mawili yachungulie kati ya vidole yasidondoke. Yakidondoka, ongeza makumbi. Tunatia mbolea ya SA (salfati ya amonia) kidogo sana iliyoyeyushwa, kwa ajili ya naitrojeni. Ukungu ukiila amonia ya SA unaacha ukali nyuma yake, na ukali huo ndio tunaoutaka: pH (kipimo cha ukali, namba ndogo ndiyo kali zaidi) ikikaa juu, karibu na 5, ukungu unageukia kutoa asidi ya oksaliki na ya glukoniki badala ya sitriki. Ikishuka chini ya 3, milango hiyo miwili inafungwa.

Kisha mvuke wa saa nzima kwenye sufuria kubwa, kupoza chini ya kitambaa safi, na kumwagia maji yenye spora, yaani mbegu za ukungu. Barakoa ni lazima. Spora hizi ni nyepesi mno, na mtu mwenye pumu asisogee.

Kuhusu methanoli: tafiti nyingi zinasema kutia asilimia 1 hadi 4 huongeza asidi kwenye malighafi chafu kama zetu. Ni kweli, na hatutii. Methanoli ndiyo inayopofusha na kuua watu kwenye pombe haramu, na chupa yake haitakaa kwenye nyumba yenye watoto.

Desemba, kabla ya Krismasi

Masinia ya kwanza yameota. Siku ya pili unga ulikuwa na manyoya meupe membamba, ya tatu umeshikamana ukawa kipande kimoja unachoweza kukiinua. Sinia la karibu na dirisha lilinuka tembo la mnazi: nzi wa matunda waliingia wakati wa kupoza wakaleta chachu, na chachu ilikula sukari kabla ya ukungu kuamka. Sasa tunapoza ndani ya chandarua.

Januari, wiki ya kwanza

Joto. Kaskazi inavuma lakini chumba ni cha bati, na mchana hewa inapita nyuzi 32. Hilo lingevumilika. Tatizo ni kwamba ukungu wenyewe unatoa joto. Tulichoma kipimajoto katikati ya sinia lililojazwa sentimita 8, kikasoma 41 wakati pembeni ni 33. Ukungu huu unapenda 28 hadi 30. Juu ya 35 unaishi, lakini asidi inapungua. Katikati ya sinia lile palikuwa na rangi ya kahawia, pamelegea, na ukionja kwa ncha ya ulimi (binamu alifanya hivyo, mimi sikumshauri) hapakuwa na ukali wowote.

Sasa unga unatandazwa sentimita 3, masinia yanakaa chini sakafuni penye ubaridi, na magunia mabichi yananing'inia mlangoni. Wakati wa kusi kazi hii itakuwa rahisi zaidi, ila wakati wa kusi maembe ni machache. Hiyo ndiyo kejeli ya Pwani: malighafi na joto vinakuja pamoja.

Januari, katikati

Leo tumepima sawasawa.

Sinia la siku ya tano tulililoweka kwenye maji ya moto, tukakamua kwa kifumbu kile kile cha tui (kipya, cha mama kimeachwa salama), tukachuja tena kwa kitambaa cha melikani. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yanateleza kidogo kwa pektini, na makali ya kukunja uso. Karatasi ya pH ilisema 2.

Kupima asidi yenyewe ni kwa kostiki soda na fenoftalini, dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha. Unadondosha kostiki soda tone kwa tone mpaka rangi ya waridi itokee na ikae. Kila mililita 1 ya kostiki soda ya nguvu ya 0.1 inajibu miligramu 6.4 za asidi ya sitriki. Shida ni kwamba huwezi kuona waridi ndani ya chai. Binamu aliyazimua maji yale mpaka yakawa kama mkojo wa mtoto, akaweka karatasi nyeupe chini ya chupa, akadondosha akiwa amepiga magoti ili macho yawe sawa na chupa. Tone moja liliacha wingu la waridi likazunguka likapotea. Lililofuata likabaki. Alirudia mpaka majibu yakakubaliana, ndipo akaandika: karibu gramu 90 za asidi kwa kila kilo ya maganda makavu.

Hapo ashangilie anayetaka, lakini kostiki soda haichagui. Inahesabu kila asidi iliyomo, hata ya oksaliki. Kuna jaribio la kutenganisha, nalo ni zuri kulitazama. Ukitia maji ya chokaa kidogo kwenye maji haya yakiwa bado makali na ya baridi, oksaliki inakamatwa kwanza, inashuka chini kama ungaunga. Unaichuja. Kinachobaki ukikitia chokaa zaidi kikiwa baridi, hakionyeshi kitu kikubwa. Kipashe moto karibu na kuchemka, na ghafla chupa nzima inageuka maziwa. Hiyo ni sitrati ya kalisi, yaani asidi yetu ikiwa imeshikana na kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa. Vitu vingi huyeyuka zaidi kwenye moto. Sitrati hii inafanya kinyume. Kwetu ungaunga wa kwanza ulikuwa mdogo, na maziwa yalikuwa mengi. Tuna sitriki.

Kitu kingine tulichokiona: sinia tuliloliacha mpaka siku ya tisa, jeusi kote kwa spora, lilikuwa na asidi kidogo kuliko la siku ya tano. Sukari ikiisha, ukungu unaanza kula asidi yake wenyewe. Ukiona weusi umeenea umeshachelewa.

Januari, mwisho

Chokaa. Ya dukani ya kupaka ukuta imechanganywa na vitu visivyoandikwa kwenye mfuko, kwa hiyo nilikwenda kwa mzee anayechoma chokaa ya matumbawe, ile ya kujengea nyumba za kizamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyumba i wapi?"

"Si ya nyumba, ni ya kutegea asidi."

Alinitazama, akacheka, akanipimia ile ya katikati ya tanuu, iliyoiva vizuri na isiyo na majivu mengi. "Hii ukiizima kwa maji inapiga kelele. Isiyopiga kelele ni jiwe, usilipie." Jiwe la matumbawe ni kaboneti ya kalisi, moto unatoa hewa ya kaboni, inabaki chokaa hai, na chokaa hai ikikutana na maji inachemka yenyewe. Iliyoiva nusu haichemki. Kipimo cha mzee hakina makosa.

Hesabu ya karatasi ni hii: gramu 100 za asidi zinataka kama gramu 58 za chokaa iliyozimwa, ikiwa safi. Yetu tuliiongeza taratibu, sufuria ikiwa jikoni, tukipima pH mpaka ikakaribia 7. Maziwa yakashuka, tukachuja yangali ya moto, tukayaosha kwa maji ya moto. Ndipo inakuja hatua isiyopendwa na mtu: asidi ya salfuriki, ili kuivua kalisi. Tulinunua asidi mpya ya betri, ya kwenye chupa iliyofungwa. Iliyotoka kwenye betri kuukuu ina risasi na haifai hata kwa mzaha. Kalisi inahamia kwenye salfati, inashuka kama jasi, juu inabaki asidi ya sitriki.

Tazama sasa uzito. Kwa kila gramu 100 za asidi unazozipata, unatumia kama gramu 77 za salfuriki, na unabaki na jasi gramu 134. Yaani taka inazidi bidhaa. Ukungu ulifanya kazi yake kwa siku tano bila kudai chochote ila kivuli, na baada yake sisi tunanunua chokaa, tunanunua asidi ya betri, tunateketeza gesi kuchemsha, na tunarundika jasi nyuma ya nyumba. Nimeanza kuona kwamba ugumu wa mradi huu hauko kwenye ukungu hata kidogo.

Februari, mwanzo

Fuwele. Tuliichuja jasi, tukapitisha asidi kwenye makaa ya vifuu yaliyosagwa ili kupunguza rangi, tukaivukiza kwa moto mdogo mpaka ikawa nzito kama sharubati. Kwa kanuni, ikipoa chini ya nyuzi 36 na nusu fuwele zinakuja zikiwa na maji ndani yake. Zetu hazikuja. Sharubati ilikaa kwenye bakuli, unyevu wa kaskazi ukaizidishia maji badala ya kuyapunguza. Sukari na pektini zilizobaki zinazuia fuwele zisishikane. Tuliitia punje ya asidi ya dukani iwe mbegu, tukafunga bakuli ndani ya pipa lenye mchele mkavu, ndipo zikaanza: ndogo, za rangi ya asali, na jumla yake ni zaidi kidogo ya nusu ya kile binamu alichokipima.

Ni za kweli. Lakini ukiziweka kando ya pakiti nyeupe ya dukani, inayouzwa bei ya chini kuliko gesi tuliyoichoma, hakuna mnunuzi atakayechagua zetu. Na mimi singemruhusu azile, maana hatujapima sumu ya ukungu wala madini mazito.

Februari, katikati

Shemeji alikuwa kimya wiki zote hizi, akibeba ndoo. Jana aliniuliza, "Kwani lazima iwe unga?"

Kazi yake ya kila siku ni gaga. Maji ya visima vya huku yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa tele. Birika linaota ukoko mweupe, tundu za bafu zinaziba, hita za maji zinakula stima bila kuchemka. Mafundi wengi hutumia asidi kali ya chooni, inayotoboa mabomba na kuunguza mapua. Asidi ya sitriki inakula gaga taratibu na haina moshi. Na kwa kazi hiyo maji yale ya kahawia, yaliyotoka kwenye kifumbu, yanatosha kabisa! Hakuna chokaa, hakuna salfuriki, hakuna jasi, hakuna fuwele. Kuchuja, kuchemsha ili kuua spora na kupunguza maji, kupitisha kwenye makaa ya vifuu, basi.

Tumejaribu kwenye birika lake, ambalo ndani lilikuwa na ukoko mnene wa kubanduka kwa bisibisi. Tulitia maji yetu yakiwa na gramu 40 hivi za asidi kwa lita. Mapovu yalianza pembeni, madogo, yakapanda yakivuta vipande vya ukoko. Baada ya saa moja chuma kilionekana. Kilichobaki ni harufu ya embe lililolala, inayoondoka ukisuuza mara mbili.

Tulipojaribu mara nyingine maji yakichemka, yaliacha utando mweupe mpya ndani ya birika. Ni ile sitrati ya kalisi ya Januari, inayokataa kuyeyuka kwenye moto. Basi maelekezo yetu yatasema vuguvugu, yasichemke.

Februari, mwisho

Nyumba moja ya wageni huko Watamu imechukua madumu mawili kwa majaribio ya tundu za bafu. Kabla hatujawapa, tuliwaonya jambo moja kwa mdomo na kwa maandishi: yasimwagike kwenye marumaru, wala kwenye sakafu na kuta za chokaa. Asidi haijui tofauti kati ya gaga na lipu ya nyumba ya kale. Huko Lamu, ambako nyumba nzima ni matumbawe na chokaa, ningeuza kwa kijiko.

Machi

Maembe yamepungua, maganda makavu tuliyonayo ni magunia ya kutupeleka hadi katikati ya kusi, ambapo joto litakuwa limeshuka na tutaona kama zile gramu 90 zinaongezeka. Mabaki ya masinia tunayatia mvuke kisha mboji. Aliyetaka kuyalisha mbuzi tumemkatalia, kwa sababu ile ile ya sumu ambayo haijapimwa. Jasi ya Januari bado ipo, tunaitafutia mtu wa kutengeneza chaki.

Watamu wamerudisha madumu matupu. Wanataka mengine, ila wanaomba rangi ipungue, maana mfanyakazi mmoja alidhani ni chai. Tutaongeza makaa ya vifuu na kubandika kibandiko chenye maandishi makubwa. Kuingia madukani kunahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na binamu ameanza kukusanya vipimo vya kila pipa kwa ajili hiyo. Msimu ujao, maembe yakirudi, mabibo ya mikorosho nayo yatakuwa yanaoza chini ya miti, kwani watu huokota korosho tu. Yana sukari ya kutosha, na yana tanini nyingi pia, ile inayokaza ulimi, kwa hiyo tutaanza na sinia moja.